Mbuzi Wanne, Kondoo Wawili na Ng'ombe Mmoja

Mama Ndeshi hakutoa rushwa. Hilo liwekwe sawa mapema, maana watu wa Arusha wana midomo. Mwanamke aliyekuwa muuguzi miaka thelathini na moja, mzee wa kanisa vipindi vitatu mfululizo, anayekaa benchi la pili kila Jumapili na kuimba sauti ya pili hata pale ambapo wimbo hauna sauti ya pili, atoe rushwa? Thubutu! Alitoa mbuzi wanne, kondoo wawili na ng'ombe mmoja. Rushwa ni bahasha. Mbuzi ni ujirani mwema.

Ndivyo alivyojiambia, na alijiambia mara nyingi, hasa alipokuwa anafunga kamba shingoni mwa mbuzi.

Chanzo cha yote ni jengo. Kijiji cha Nkoamaro, kwenye mteremko wa Meru, kina wodi ya wazazi iliyojengwa na wanawake wenyewe. Mchanga waliubeba kwa ndoo kutoka mtoni, mawe wakayabeba kichwani, mabati wakachangishana kwenye vikoba, na wafadhili fulani wakaleta vitanda vinne na taa. Sherehe ikafanyika, utepe ukakatwa, waheshimiwa wakala pilau mpaka wakafungua vifungo vya suruali. Kisha mlango ukafungwa kufuli, kwa sababu halmashauri haikuwa imetenga muuguzi wala dawa. Huu ni mwaka wa nne. Vitanda bado vimevaa nailoni ya kiwandani, na wanawake wa Nkoamaro wanajifungulia njiani, juu ya bodaboda, wakishikilia jaketi la dereva.

Ndeshi alipostaafu aliingia udiwani wa viti maalumu kwa jambo hilo moja. Halmashauri yake ni ile iliyobanwa kati ya mlima na jiji, jina tuliache, kila mtu anaijua. Akaandika hoja ya Sheria Ndogo ya Mfuko wa Afya. Maneno yake yalikuwa mepesi hata kwa mheshimiwa: kila kaya ichangie kidogo kwa mwaka, halmashauri iongezee, fedha zibaki zahanati, zahanati inunue dawa zake yenyewe na iajiri muuguzi wake. Hoja ikipita, wodi ya Nkoamaro inafunguliwa mwezi ujao.

Na mwezi ujao ulikuwa na mwenyewe. Jackline, binti wa Nkoamaro, anahudumu kwenye baa moja ya nyama choma pale Sakina. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alimzaa njiani, kwenye kona ya mwisho kabla ya lami, akamzika wiki hiyohiyo. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anamngoja Ndeshi mlangoni, mkono tumboni.

"Shikamoo mama. Eti watapitisha?"

"Marahaba mwanangu. Watapitisha."

Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajahesabu kura. Siku alipozihesabu, alirudia mara mbili.

Madiwani walikuwa ishirini na watano. Wa kwake wa damu, waliosaini hoja pamoja naye, walikuwa watano; yeye wa sita. Upande wa pili alikaa Lemomo, na nyuma ya Lemomo watu kumi na mmoja, akiwemo Mwenyekiti wa halmashauri, Mheshimiwa Elinami, mtu ambaye hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe tangu abatizwe. Lemomo ana maduka matatu ya dawa. Yote matatu yako mkabala na zahanati za serikali, mlango kwa mlango. Zahanati ikiishiwa dawa ya malaria, muuguzi ananyoosha kidole tu, mgonjwa anavuka barabara. Zahanati ikijinunulia dawa yenyewe, Lemomo atauza nini? Pipi?

Walikutana kwenye korido wiki tatu kabla ya baraza. Lemomo ana adabu, hilo asinyimwe.

"Shikamoo mama yangu."

"Marahaba, Lemomo. Utaunga mkono?"

"Hoja yako ni nzuri sana, mama. Wananchi wanaihitaji." Akamshika mkono kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja msibani. "Itakufa vizuri."

Basi wakabaki saba katikati, wote Waarusha, wasemaji wa Kimaa, wa upande wa magharibi mwa mlima, wafugaji na wakulima, watu wa kukaa kimya kwenye kikao na kutazama dari. Hakuna aliyejua watapiga wapi. Ndeshi aliwahitaji wote saba, bila kupungua hata kidole.

Sasa hapa ndipo penye kosa lake, na mtu mwenye busara angelikwepa kwa kutumia mdomo tu. Angekwenda kwao, akakaa, akanywa chai, akawauliza: jamani, mnaonaje? Lakini Ndeshi alikuwa ameshakaa kwenye siasa miaka miwili, na siasa ilikuwa imemfundisha kwamba mkono mtupu haulambwi. Kuuliza watu maoni yao? Hayo ni mambo ya watoto wa shule. Bahasha hawezi kutoa, Mungu anaona, na mchungaji anaona zaidi. Akatoka nje akasimama zizini kwake. Mifugo nayo ikamtazama.

Kwa wiki mbili alizunguka na pikapu ya kukodi. Mheshimiwa Lesikar, kijana wa miaka arobaini mwenye sauti ndogo, mama yake alikuwa ametoka hospitali. Akapelekewa kondoo wa mafuta. Mheshimiwa Lengai mtoto wake alikuwa anapata kipaimara, mbuzi. Mwingine alikuwa anabariki nyumba, mbuzi. Mwingine hakuwa na sherehe yoyote, ikabidi Ndeshi amtafutie: akakumbuka kwamba mwaka uliopita alinusurika ajali, akapelekewa mbuzi wa kumshukuru Mungu kwa kuchelewa. Mzee Yiamat, mkubwa wao, ambaye wenzake husikiliza hata akikohoa, alipelekewa dume jeusi la ng'ombe, bila sababu yoyote. Ndeshi alisema tu, "Nimekukumbuka, mzee." Mzee Yiamat alilizunguka lile dume mara mbili, akalipiga mgongoni, akamtazama Ndeshi kwa macho yaliyolegea kwa furaha, akasema neno moja la Kimaa. Ndeshi akatabasamu. Kimaa chake kiliishia kwenye salamu na "sukuma, mama, sukuma".

Kila mahali aliondoka hajataja kura. Huo ndio ulikuwa utakatifu wake. Hakutaja hata mara moja.

Lemomo naye hakulala. Alhamisi kabla ya baraza aliwaita watu wake kumi na mmoja Sakina, kwenye baa, chumba cha ndani, akawapa kuku wa kuchoma mmojammoja na bahasha mojamoja. Mmoja akamwambia amesikia Ndeshi anagawa mifugo kwa wale saba. Lemomo, Mwarusha kamili, aliyezaliwa na kutahiriwa hapohapo, aliacha kutafuna. Kisha akacheka mpaka mfupa ukampalia.

"Mifugo? Kwa wale?" Akafuta machozi. "Mwacheni. Mimi natoa pesa, pesa haina jina."

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Wanawake wa Nkoamaro walikuja na lori la mchanga, wamevaa vitenge vyao vya umoja wa wanawake, wakajazana kwenye mabenchi ya wananchi nyuma. Jackline alikuwa katikati yao, amekalia ukingo wa benchi kwa sababu tumbo halikumruhusu kuegemea. Mbele walikaa waheshimiwa kwenye majoho yao, joto la saa nne likiwapika taratibu. Juu kabisa Mwenyekiti Elinami na mkufu wake wa shaba, na pembeni yake Mkurugenzi, Ndugu Prosper, aliyehamishiwa hapa kutoka Mtwara miezi minne iliyopita na bado anavaa sweta mbili.

Ndeshi aliwasilisha hoja yake kwa dakika saba. Alisoma vizuri. Alipofika kwenye idadi ya watoto waliozikwa Nkoamaro ndani ya miaka minne, waheshimiwa waliinamisha vichwa kwa heshima, na wawili wakatumia nafasi hiyo kusoma simu. Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono.

Lesikar akasimama. Moyo wa Ndeshi ukapiga kigelegele.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nasimama kuunga mkono hoja ya Paker."

Nyuma, mtu akaguna. Mkurugenzi akainua kalamu.

"Hoja ya nani, mheshimiwa?"

"Ya Paker. Huyo hapo."

"Huyo ni Mheshimiwa Ndeshi."

"Ndiye."

"Sasa mtaje kwa jina lake, niandike."

Lesikar akashtuka kana kwamba ameambiwa avue joho. "Siwezi, Mkurugenzi. Nitamkosea adabu."

Kabla Mkurugenzi hajajua aandike nini, Lengai alikuwa ameshasimama. "Na mimi naunga mkono hoja ya Pakine."

"Pakine ndiye nani tena?"

"Huyohuyo."

Sasa vicheko vilianza. Vilianzia kwa wazee wa Kiarusha kwenye benchi la wananchi, vikasambaa. Wa tatu akasimama, Pakine. Wa nne, Pakine. Ndeshi aligeuka huku na huku. Lile neno alilijua! Miaka thelathini na moja ya kliniki aliwasikia wanaume wa Kiarusha wakiitana hivyo wakingoja wake zao, Pakine, Paker, akadhani ni majina ya ukoo. Aliwahi hata kuyaandika kwenye rejesta.

Mzee Yiamat akasimama polepole, akijiegemeza kwenye fimbo, ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nasema kwa kifupi. Nipo na Pakiteng."

Lengai akaruka. "Pakiteng? Mzee, ng'ombe? Mzima?"

"Dume. Jeusi."

"Haiwezekani! Mimi nimepewa mbuzi, tena ana kikohozi!"

Ukumbi ukalipuka. Wanawake walijifunika vitenge usoni, mwandishi wa habari wa redio akaangusha kinasa sauti, na Mkurugenzi maskini akawa anagonga meza, "Jamani, jamani, naomba mtu anieleze!" Mzee Yiamat alimweleza, kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni. Kwamba kwa Wamaa mtu akikupa mnyama kwa moyo wake, nyinyi si watu baki tena. Jina lake la zamani unaliacha, naye analiacha la kwako, mnaitana kwa mnyama aliyewaunganisha: kondoo Paker, mbuzi Pakine, ng'ombe Pakiteng. Ukimwita jina lake mbele za watu, umemtukana, umesema zawadi yake si kitu.

"Kwa hiyo," Mkurugenzi akasema taratibu, "Mheshimiwa Ndeshi amewapa..."

"Mbuzi wanne, kondoo wawili na ng'ombe mmoja," akasema Lemomo, ambaye alikuwa ameshasimama, joho limenyooka. Alikuwa amelisubiri jambo hili tangu Alhamisi. "Mwongozo, Mheshimiwa Mwenyekiti! Kanuni zetu zinasema diwani mwenye maslahi kwenye jambo linalojadiliwa ayatamke na atoke nje. Hawa wenzetu wameyatamka wenyewe, Mungu awabariki, tena kwa lugha mbili. Watoke."

Ndeshi alitamani sakafu ipasuke immeze na vigae vyake. Benchi la pili kanisani alilikumbuka, mchungaji alimkumbuka, na zaidi aliona hesabu: saba wakitoka, zinabaki kura sita kwa kumi na mbili. Hakuthubutu kugeuka nyuma alikokaa Jackline.

Mwenyekiti Elinami alimtazama Lemomo kujua anafikiri nini, alipojua akasema, "Watoke."

Saba wakasimama. Hawakuwa na aibu hata chembe. Aibu ya nini, wamepewa, wamesema wamepewa. Lakini Mzee Yiamat alipofika usawa wa viti vya upande wa Lemomo alisimama, akainamia kiti cha kwanza, cha diwani mmoja mnene aitwaye Hans.

"Mheshimiwa Hans, sisi tunatoka kwa sababu tuna majina. Wewe Lemomo anakuitaje?"

"Mimi? Mimi sijapewa mnyama yeyote."

"Sikukuuliza mnyama."

Hans akavuta joho kufunika mfuko. Na hapo, kutoka nyuma, ikasikika sauti ya mwanamke anayesimama kwa shida.

"Mimi nilihudumia ile meza."

Ni Jackline. Alikuwa amejishikiza kwenye bega la jirani yake. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba wananchi hawaruhusiwi kuzungumza, lakini nani alimsikiliza?

"Alhamisi, Sakina, chumba cha ndani. Kuku kumi na wawili, na huyo Mheshimiwa Hans aliomba nyongeza ya ndizi. Bahasha zilikuwa za kaki. Nilikuwa naondoa sahani, waheshimiwa hawanyamazi mbele ya mhudumu, wanadhani ni sehemu ya meza." Akanyoosha kidole, akaanza kwa Hans, akaenda kiti kwa kiti bila haraka, mpaka kikapanda juu kwenye meza kuu. "Na yule. Mwenye mkufu."

Lo! Mkufu ukaonekana mzito ghafla. Mzee mmoja wa Kiarusha kwenye benchi la wananchi akapaza sauti, "Pabahasha!" akimsalimia Mwenyekiti kwa mkono juu. Basi ndiyo ikawa. Ukumbi mzima, Wameru, Wachaga, hata watoto mgongoni, wakashika: Pabahasha! Pabahasha, habari ya kuku? Pabahasha, umeshiba? Waheshimiwa kumi na mmoja wakajikunyata kwenye majoho, wakapangusa shingo. Lemomo alipiga kelele kwamba huo ni uzushi wa mlevi, na wanawake wa Nkoamaro wakamjibu kwa pamoja kwamba mlevi gani ana mimba ya miezi minane na anaimba kwaya ya asubuhi.

Ndeshi alisimama pia. Hakuweza kujizuia. Furaha ilimpanda kutoka magotini: Mungu wa haki! Alipiga makofi akamtazama Jackline kwa mbali, Jackline naye akacheka, meno yote nje, mara ya kwanza tangu amzike yule mtoto.

Ndugu Prosper hakucheka. Mtu wa Mtwara ni mtu wa kanuni, na sweta mbili hazikumpunguzia. Alingoja kelele zishuke.

"Kanuni ni moja kwa wote," akasema. "Waliopewa mifugo, nje. Waliopewa bahasha, nje. Na nawasihi msikane, maana nitaita polisi wawapekue mmojammoja. Mheshimiwa Lemomo ana maduka ya dawa, maslahi yake hayahitaji mhudumu, nje. Mheshimiwa Mwenyekiti, samahani, nje."

Makofi! Vigelegele! Mwenyekiti Elinami alivua mkufu, akashindwa kujua aukabidhi kwa nani, akatoka nao umening'inia mkononi kama mnyororo wa mbwa aliyetoroka. Wengine kumi na mmoja nyuma yake. Ndeshi alikuwa bado anapiga makofi Mkurugenzi alipomgeukia.

"Na wewe, mheshimiwa. Mtoaji ana maslahi kuliko mpokeaji."

"Mimi? Hoja ni yangu!"

"Ndiyo maana."

Makofi yakamwishia mikononi. Ndipo alipotazama viti. Watano walikuwa wamebaki, wale watano wake wa mwanzo, wametawanyika ukumbini kama meno ya kizee. Walikuwa watu wazuri. Hakuna aliyewahi kuwapa kitu.

"Akidi ya baraza hili ni kumi na tatu," Mkurugenzi akasoma. "Waliopo ni watano. Kwa kuwa waheshimiwa wengine wote wamenunuliwa, baraza halina uwezo wa kupiga kura. Hoja inaahirishwa mpaka baraza la kawaida lijalo, baada ya miezi mitatu." Akafunga kabrasha. Akakumbuka kitu. "Posho zitatolewa nje, chini ya kivuli cha jengo la utumishi."

Huko kwenye posho akidi ilitimia. Wote ishirini na watano walipanga mstari, mwenye mbuzi nyuma ya mwenye bahasha, wakipeana kalamu kwa adabu, na Hans akamuuliza mhasibu kama leo kuna nauli pia. Lemomo alisaini akaondoka anapiga mluzi. Miezi mitatu! Miezi mitatu maduka yake yatavukiwa barabara kama kawaida. Hata angeandikiwa barua na mbingu isingekuwa nzuri hivyo.

Ndeshi hakusogelea mstari. Alikaa kwenye ngazi za ukumbi, joho amelikunja mapajani. Lesikar akamjia, akachuchumaa mbele yake.

"Pole, Paker."

"Usiniite hivyo, mwanangu. Tafadhali."

"Sasa nikuite nani?" Akachora mchanga kwa kidole. "Mimi mke wangu alijifungulia kwenye bodaboda mwaka juzi. Aliishi kwa neema tu. Siku ile ulipogawa makaratasi ya hoja nilimwambia, hii ndiyo ya kwetu, hii nitaisimamia hata wakinifukuza. Halafu jioni moja ukaja na kondoo wa mama. Nikasema, kumbe huyu mama ana moyo, anataka undugu na sisi." Akamtazama usoni. "Sikujua ulikuwa unanunua."

Lengai alikuwa amesimama nyuma ya Lesikar, na wale wengine, wote saba, wamemzunguka kwa heshima ileile kama watu waliokuja kuhani.

"Hata mimi kura ilikuwa yako," akasema Lengai. "Na yule mbuzi alikuwa anakohoa kweli."

"Mimi pia," akasema mwingine.

Mzee Yiamat aliketi ngazini kando ya Ndeshi, akaweka fimbo katikati ya magoti. "Nina mabinti wanne walioolewa Nkoamaro," akasema. "Wanne. Ungeniuliza tu."

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Wiki mbili za pikapu na hakuwa amemuuliza mtu hata mmoja swali! Kura kumi na tatu zilikuwa zimekaa pale, bure, tangu siku ya kwanza, na yeye kwa mikono yake, mikono iliyopokea watoto nusu ya wilaya, alizifunga kamba shingoni akaziongoza mpaka nje ya ukumbi. Lemomo peke yake asingeweza. Lemomo alitumia kuku tu. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao walikuwa wanakuja kule, wanashuka ngazi wakishikana mikono, wanaimba.

Walikuwa bado wanasherehekea. Waliona wezi wamefukuzwa ukumbini mchana kweupe, wameitwa jina lao. Walidhani huo ndio ushindi. Jackline alikuwa mbele, uso unang'aa kwa jasho. Alipomwona Ndeshi akaharakisha, mkono mmoja kiunoni.

"Mama! Umemwona Mwenyekiti na ule mkufu? Nimewaweza au sijawaweza?" Akapumua. "Sasa itafunguliwa lini?"

Wale saba wakatazama pembeni. Mzee Yiamat akajikohoza kwa mkono mdomoni. Ndeshi alisimama, joho likaanguka ngazini, hakuliokota. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mchungaji wala mbele ya Mungu, na alikuwa amechoka kujiambia mambo.

"Haifunguliwi, mwanangu. Wamesema baada ya miezi mitatu, na hata hiyo sijui."

"Lakini walikuwa wezi. Nimewataja."

"Umewataja, na umefanya haki. Mimi ndiye niliyeharibu. Kura tulikuwa nazo. Hawa hapa wote walikuwa wetu, na mimi nikaenda kuwanunua."

Jackline aliwatazama wale wanaume saba, mmojammoja, kama alivyowatazama wale wengine kule ndani. Kisha akatazama chini, ambako miguu yake haikuonekana tena kwa sababu ya tumbo. Midomo yake ilihesabu kitu kimyakimya, wiki pengine. Nyuma yake nyimbo zilikuwa zinakatika sauti kwa sauti, kadiri habari ilivyopita mdomo kwa mdomo kwenye vitenge.

"Haya mama," akasema mwishowe, kwa adabu yote. "Baki salama."

Akageuka, akatembea mpaka getini, akaanza kupatana bei na dereva wa bodaboda.